Miguu inayowasha bila kukoma: Huenda chanzo ni mpira wa kiatu chako

Je, umewahi kununua tyubu moja ya dawa ya ngozi baada ya nyingine, ukapaka miguu asubuhi na jioni, mwasho ukatulia kwa wiki moja kisha ukarudi kwa kishindo? Ikiwa ndivyo, basi kabla hujanunua tyubu nyingine, vua viatu vyako uviangalie vizuri. Tazama hasa pale ambapo mpira unagusa ngozi, halafu utazame mahali panapokuwasha.

Wengi wetu huamini kwamba kila mwasho wa miguu ni kuvu, au fangasi kama tunavyozoea kusema. Mara nyingi huwa kweli. Lakini wapo watu ambao wametibu fangasi kwa miaka na hawajawahi kuwa nayo. Ngozi yao imekataa kemikali iliyotiwa ndani ya mpira kiwandani, na kila asubuhi wanapovaa viatu wanajipaka upya kile kile kinachowaumiza.

Kemikali yenyewe huitwa merkaptobenzothiazoli. Usijali kama ulimi umekwama. Madaktari na watu wa viwandani hulifupisha jina hilo kuwa MBT, nasi tutafanya hivyo hivyo.

MBT ni unga wa rangi ya manjano iliyofifia, wenye harufu isiyopendeza. Haukubali kuchanganyika na maji baridi ila kwa kiasi kidogo sana, na ukiupasha moto hauanzi kuwa majimaji hadi ufikie nyuzi 180 hivi za Selsiasi. Ni wa ukoo wa kemikali ziitwazo thioli, ambazo zote zina chembe ya salfa iliyoshikana na chembe ya hidrojeni. Thioli huitwa pia merkaptani, jina lililotolewa na mkemia wa Denmark, William Zeise, katika miaka ya 1830. Alilitoa katika maneno ya Kilatini yenye maana ya kitu kinachokamata zebaki, kwa sababu aliona jinsi kemikali hizi zinavyong'ang'ania metali hiyo. Tabia hiyo ya kung'ang'ania metali ndiyo iliyofanya MBT itumike maabarani kutambua metali mbalimbali, na migodini kusaidia kutenganisha mawe yenye madini na yale yasiyo na kitu.

Ukoo huu unaujua hata kama hujawahi kuingia maabara. Gesi ya kupikia haina harufu. Ule uvundo unaokushtua mtungi unapovuja ni wa merkaptani iliyotiwa makusudi ili pua yako ikuonye kabla ya kuwasha kiberiti. Ndugu mwingine ni thiofenoli, kioevu kisicho na rangi ambacho wanakemia hukitumia kutengeneza dawa na viuatilifu. Huyo ni hatari zaidi ya MBT: hunuka vibaya mno, hupenya ngozi, na wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani wanataka mfanyakazi asivute hewa yenye zaidi ya sehemu moja ya mvuke wake katika sehemu milioni kumi. Thiofenoli na MBT huhesabiwa kuwa kemikali za aromatiki. Usidhani kwamba zinanukia uturi. Neno hilo kwa wanakemia humaanisha tu kwamba chembe zake zimejipanga kwa umbo la pete.

Basi unga huu uliingiaje kiatuni? Mpira mbichi unaotoka mtini hauna faida kubwa. Jua likiwaka hunata kama gundi, na baridi ikija hukauka na kupasuka. Mwaka wa 1839, Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiuchanganya na salfa na kuupasha moto, unakuwa imara na bado unanyumbuka. Shida ni kwamba kazi hiyo ilichukua saa nyingi na kuhitaji moto mkali. Mapema katika miaka ya 1920 watafiti waligundua kwamba MBT kidogo tu huharakisha kazi hiyo hadi ikawa ya dakika. Kwa kila kilo 100 za mpira, nusu kilo hadi kilo mbili zinatosha.

Tangu wakati huo MBT na jamaa zake wameingia karibu kila mahali palipo na mpira: magurudumu ya magari, mabomba, mikanda ya mitambo, glavu, soli za viatu, gambuti, miwani ya kuogelea, lastiki za nguo. Hata pale ambapo kiwanda hakikutia MBT yenyewe, huenda kimetia kemikali ya jamii yake ambayo huvunjika na kuwa MBT wakati mpira unapopikwa au ukifika kwenye ngozi. Kemikali hiyo pia hutiwa katika baadhi ya maji ya rejeta na mafuta ya kupoza vyuma vinapokatwa, ili vyuma visile kutu. Kwa hiyo fundi wa jua kali anaweza kukutana nayo mikononi bila kugusa mpira wowote.

Kiasi kidogo cha unga huo hubaki kikiwa huru ndani ya mpira hata baada ya kiatu kutoka kiwandani. Jasho hukitoa. Ndiyo maana mwasho huzidi wakati wa joto, na ndiyo maana mtu anayeshinda ndani ya gambuti kutwa nzima, awe anaosha magari, anafanya kazi machinjioni au anakata maua shambani, yumo hatarini kuliko anayevaa viatu vya mpira saa moja jioni.

Lakini mbona wengine wanavaa gambuti maisha yao yote bila kuwashwa? Kwa watu wengi ngozi haina habari na MBT. Kwa wachache, chembe za kemikali hii hupenya tabaka la juu la ngozi na kujibandika kwenye protini za mwili. Askari wa mwili huziona kama adui na kuzihifadhi katika kumbukumbu zao. Mafunzo hayo huchukua kama siku kumi hadi wiki mbili, lakini huenda yasianze hadi umevitumia viatu vya aina hiyo kwa miezi au miaka. Basi usiseme, "Haiwezekani, nimevaa viatu hivi miaka mitatu." Inawezekana kabisa. Na mwili ukishajifunza, kwa kawaida hausahau tena.

Jambo lingine linalowapoteza watu ni muda. Mzio huu, au aleji kama wengine wanavyouita, hauji papo hapo. Huchukua siku moja hadi tatu tangu ngozi ilipogusana na mpira. Unavaa viatu Ijumaa, unaanza kujikuna Jumapili, nawe unawalaumu mbu au chakula ulichokula Jumamosi.

Sasa tuje kwenye swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: utajuaje kama ni kuvu au ni mpira?

Tazama kwanza katikati ya vidole. Kuvu hupenda mahali palipofichika na penye unyevu, hasa kati ya kidole kidogo na jirani yake. Hapo ngozi hugeuka nyeupe, hulainika, hupasuka na kunuka. Mzio wa viatu kwa kawaida huanzia juu ya mguu na juu ya vidole, hasa kidole gumba, na mara nyingi huacha nafasi za katikati ya vidole zikiwa safi. Ikiwa kinachokuwasha ni soli ya ndani, upele huwa kwenye kisigino na sehemu ya mbele ya wayo zinazokanyaga, huku ule upinde wa katikati usiogusa soli ukibaki salama.

Tazama pia kama miguu yote miwili imeathirika kwa namna moja. Viatu huvaliwa viwili, kwa hiyo mzio wake huwa pande zote mbili. Kuvu anaweza kuanza mguu mmoja na kukaa huko muda mrefu. Wavaaji wa patipati wana bahati moja: mzio huwachorea ramani. Ukiona upele uliofuata mstari wa ukanda kuanzia kati ya kidole gumba na cha pili hadi pande za mguu, huna haja ya kutafuta mchawi. Hali ni hiyo hiyo kwa akala za magurudumu ya magari na kanda zake za mpira.

Vitabu vingi vya tiba husema ngozi huwa nyekundu. Vimeandikwa na watu wa ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo aghalabu hauonekani. Utakachoona ni weusi uliokolea, zambarau au rangi ya kijivujivu, pamoja na malengelenge madogo yanayotoa maji, kisha magamba. Ukijikuna kwa miezi, ngozi huwa nene na ngumu kama ya kenge, na hata mzio ukiisha huacha mabaka meusi yanayochukua muda mrefu kufifia.

Hapa ndipo zinapoingia zile tyubu za dukani. Nyingi kati ya dawa za kupaka zinazouzwa bila cheti huwa na mchanganyiko wa dawa tatu: ya kuua kuvu, ya kuua bakteria, na ya jamii ya steroidi kama vile betamethazoni au klobetazoli. Ukiwa na mzio, ni steroidi inayokupa nafuu, nawe unaamini kuwa ulikuwa na fangasi na imekufa. Ukiacha kupaka, na viatu ni vile vile, mwasho unarudi. Unanunua tena. Baada ya miezi mingi ya mchezo huo ngozi huwa nyembamba na kuchanika kwa urahisi. Na kama kweli ulikuwa na kuvu, steroidi huificha na kuiacha isambae chini kwa chini. Mwenye duka anafurahi, lakini wewe hujapona.

Kipimo cha uhakika kipo, na si cha damu. Kinaitwa kipimo cha viraka, na hufanywa na daktari wa ngozi. Kemikali mbalimbali hutiwa kidogo kidogo katika vibati vidogo na kubandikwa mgongoni. MBT huchanganywa na mafuta ya vaselini kwa kiwango cha asilimia 2. Viraka hukaa hapo kwa siku mbili, wakati ambapo hutakiwi kulowesha mgongo wala kufanya kazi ya kukutoa jasho. Daktari huvibandua na kuangalia, kisha hukuita tena baada ya siku mbili hivi, kwa sababu mzio huu, kama tulivyosema, ni wa polepole. Mahali palipovimba na kuwasha ndipo penye jibu. Mweleze daktari ikiwa unatumia tembe za steroidi, au ikiwa umekuwa ukipaka dawa hizo mgongoni, kwani zinaweza kuficha matokeo.

Kipimo hicho kina faida nyingine. Si kila mzio wa viatu unatokana na mpira. Ngozi ya ng'ombe hulainishwa kwa chumvi za kromiamu, na gundi za viatu zina kemikali zake. Mtu anaweza kutupa viatu vyote vya mpira, akanunua vya ngozi kwa bei ghali, na bado akawashwa kwa sababu shida yake ilikuwa kromiamu.

Daktari wa ngozi si rahisi kumpata, na gharama si ndogo. Ukiwa bado unatafuta nafasi, kuna jaribio la nyumbani lisilo na hatari. Kwa wiki tatu au nne, acha kabisa viatu unavyovishuku, pamoja na vingine vyote vyenye mpira unaogusa ngozi. Hali ikitulia, na ikarudi baada ya kuvivaa tena, umepata fununu kubwa ya kumpelekea daktari. Lakini usijaribu haya ikiwa mguu umevimba, unatoa usaha au una homa, wala ikiwa una ugonjwa wa kisukari. Hapo nenda hospitali bila kungoja.

Ukishajua kwamba adui ni MBT, dawa kubwa ni kumwepuka, na jambo hilo haliko mbali kama unavyodhani. Gambuti nyingi zinazouzwa siku hizi si za mpira bali ni za plastiki ya PVC, ambayo haihitaji MBT. Geuza kiatu utafute herufi hizo kwenye soli. Wale waliokua enzi za viatu vya plastiki vilivyoitwa sandaki watakumbuka jinsi vilivyochekwa, lakini kwa mtu mwenye mzio huu vilikuwa viatu salama. Sandali za ngozi zilizoshonwa kwa uzi badala ya kugandishwa kwa gundi nazo zinafaa, mradi kromiamu haikusumbui. Na tupa soksi za zamani. Soksi hunyonya kemikali kutoka kiatuni, na kuzifua hakuiondoi yote. Wapo watu waliobadilisha viatu wakaendelea kuwashwa kwa sababu ya soksi.

Mikono ina hadithi yake. Glavu za mpira huwaletea mzio wauguzi, wafanyakazi wa maabara, wasusi na akina mama wanaofua na kuosha vyombo kwa malipo. Mara nyingi mkosaji katika glavu si MBT bali jamaa wengine wa kuharakisha upikaji wa mpira, waitwao thiuramu na kabamati, ingawa MBT imo katika baadhi yake. Usidanganywe na maandishi ya kwenye pakiti. Glavu iliyoandikwa kwamba haina mpira wa asili inaweza kuwa na kemikali hizi vile vile. Glavu za naitrili, zile za buluu zinazopendwa sana, nyingi hutengenezwa kwa kutumia kemikali za jamii hiyo hiyo. Ulizia za PVC, au zile ambazo mtengenezaji ametamka wazi kwamba hazina viharakishi vya mpira.

Tafadhali usichanganye mzio huu na ule wa utomvu wa mpira wenyewe. Huo huja kwa dakika: vipele vilivyovimba, macho kuwasha, midomo kufura, pumzi kubana. Unaweza kuua, na mwenye nao anapaswa kumwambia kila daktari na kila mwenye kumng'oa jino kabla glavu haijavaliwa.

Kuhusu kondomu, ambazo nazo hutengenezwa kwa mpira, wachache hupata mwasho kwa sababu ya kemikali za aina hii. Hilo lisiwe kisingizio cha kuacha kinga. Zipo kondomu za poliurethani ambazo hazina mpira. Ziulizie katika maduka makubwa ya dawa.

Je, MBT huleta saratani? Mwaka wa 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi ulitokana na majaribio ya wanyama, na uchunguzi wa wafanyakazi wa viwanda vya kemikali za mpira Uingereza na Marekani, ambao walipata saratani ya kibofu cha mkojo kuliko ilivyotarajiwa. Hao walikuwa watu walioshika na kuvuta unga wenyewe kazini. Mvaaji wa patipati hayumo katika hesabu hiyo, na sioni sababu ya mtu kukosa usingizi kwa ajili ya soli. Mwenye haki ya kuuliza maswali ni yule anayemwaga unga huo kutoka kwenye gunia.

Kama wewe ni huyo, au kama unaushika katika maabara ya chuo au ya kiwanda, shida kubwa ni vumbi. Pima unga huo ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa, si juu ya meza wazi. Vaa miwani ya kukinga macho na koti la maabara lisilokwenda nawe nyumbani. Glavu ziwe zile zisizo na viharakishi, maana ni kichekesho kujikinga na MBT kwa kuvaa MBT. Ukiumwaga, usiufagie ukiwa mkavu. Ufunike kwa kitambaa chenye maji, uukusanye taratibu na uutie katika chombo chenye kifuniko. Usiumimine kwenye sinki, kwa sababu ni sumu kali kwa samaki na viumbe wengine wa majini. Uweke mbali na asidi na kemikali zinazochochea moto. Vumbi lake likitanda hewani linaweza kulipuka likipata cheche, na ukiungua hutoa gesi ya salfa inayobana kifua. Ukigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi. Ukiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha umwone daktari.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga, na amweleze hatari za kemikali anazoshika. Kila kemikali inayouzwa kihalali huja na karatasi ya maelezo ya usalama. Omba kuiona. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka huo huo, haizungumzii tu vidole vilivyokatwa na mashine; inatambua pia magonjwa yanayotokana na kazi. Kwa hiyo ukienda kwa daktari, nenda na jina la kazi yako, kiatu kimoja na glavu moja unazotumia katika mfuko wa plastiki, na tyubu zote ulizowahi kupaka. Daktari akithibitisha mzio, mwombe akuandikie jina la kemikali kwenye karatasi, kwa maana msimamizi akisikia tu kwamba "gambuti zinaniwasha" atakwambia uvae soksi mbili.